Kichupa cha dozi kumi: kwa nini surua na rubela bado zinaua na kulemaza watoto wakati chanjo ipo

#1 Mleta uzi

Ndugu zangu wa jukwaa hili, nawasalimu nyote. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika chumba cha chanjo cha zahanati moja ya kijijini hapa Tanzania. Sasa nimestaafu. Kila mlipuko wa surua unapotangazwa nasoma humu maoni ya watu wanaowashutumu wazazi kwamba wanakataa chanjo na kufuata uvumi. Wazazi wa namna hiyo wapo, sikatai. Hata hivyo mimi nimekaa upande wa pili wa meza, na nina jambo ambalo sijaliona likisemwa waziwazi: wapo watoto wengi waliokosa chanjo ya surua ambao mama zao waliwaleta kliniki, na sisi wahudumu ndio tuliowarudisha nyumbani.

Naomba nieleze ilivyokuwa. Chanjo ya surua, ambayo siku hizi imeunganishwa na ya rubela katika sindano moja, huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa kidogo cha kioo. Kichupa hicho kwa kawaida kina dozi kumi. Muuguzi huvuta maji maalumu ya kuchanganyia, huyaingiza kwenye unga, hukizungusha kichupa polepole mpaka unga wote uyeyuke, kisha huandika saa aliyokifungua. Tangu dakika hiyo kichupa kina muda usiozidi saa sita. Chanjo hii ni virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haitiwi dawa ya kuzuia bakteria kama zinavyotiwa baadhi ya chanjo nyingine, kwa kuwa dawa hiyo ingeviua virusi vyenyewe. Muda ukiisha, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kilichobaki humwagwa, hata kama ni dozi tisa.

Sasa fikirieni kijiji ambacho siku ya kliniki huletwa watoto watatu tu waliotimiza miezi tisa. Nikifungua kichupa, dozi saba zinamwagwa, na mwisho wa mwezi mratibu wa chanjo ataniuliza kwa nini upotevu wangu ni mkubwa na kwa nini vichupa vimeisha kabla ya mgao mwingine kufika. Nisipofungua, hakuna atakayeniuliza chochote, kwa sababu mtoto aliyerudishwa haandikwi popote. Kwa hiyo tulijifunza kusema, "Mama, rudi Jumatano ijayo, wakitimia watano nitafungua."

Namkumbuka mama mmoja aliyefika na binti yake mgongoni baada ya kutembea tangu alfajiri. Kadi ya kliniki alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni na kuifunga kwenye pindo la khanga ili isilowe, maana alikuwa amevuka mto. Nilimwambia arudi wiki ijayo. Alirudi baada ya wiki mbili, na siku hiyo walikuwa watoto wawili tu, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu hakuja, kwani msimu wa kupalilia ulikuwa umeanza. Surua iliingia kijijini kwao baada ya mavuno. Walipomleta yule mtoto, macho yalikuwa mekundu na yamegandamana kwa tongo, mdomo umejaa vidonda, kifua kinabana. Tulimpa vitamini A na dawa za nimonia, akapona, lakini jicho la kushoto lilibaki na kovu jeupe juu ya mboni. Mama aliitoa ile kadi kwenye mfuko uleule. Mstari wa surua ulikuwa mtupu, na aliyeuacha mtupu ni mimi.

Nimefungua uzi huu ili tujadili juhudi za dunia za kutokomeza surua na rubela kwa kuanzia hapo, kwenye kichupa hicho.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mama, na ahsante kwa kusema ukweli huo. Nina swali la mtu asiye wa fani. Nimesoma kwamba kufikia 2024 asilimia 84 ya watoto duniani walikuwa wanapata dozi ya kwanza ya surua. Kwa mtihani wa shule hizo ni alama za juu kabisa. Kwa nini wataalamu wanasema hazitoshi?

#3 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo linalowababaisha hata viongozi wanaopitisha bajeti, kwa hiyo nitalijibu kwa hesabu.

Surua ndiyo miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote yanayojulikana. Mgonjwa mmoja, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, huambukiza wengine kati ya 12 na 18. Virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, yaani wakati ambao nyumbani wanadhani ana mafua tu. Chukua kwamba anaambukiza 15. Ili ugonjwa ushindwe kusonga mbele, katika kila watu 15 anaokutana nao inabidi 14 wawe na kinga. Hiyo ni asilimia 93, na ndipo lilipotoka lengo la asilimia 95 kwa dozi zote mbili.

Kisha kuna jambo la pili. Mtoto anayechanjwa akiwa na miezi tisa bado anaweza kuwa na kinga aliyorithi kwa mama yake, na kinga hiyo huidhoofisha chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa umri huo, takriban watoto 85 kati ya 100 ndio hupata kinga. Tungeweza kusubiri hadi miezi 12 ambapo chanjo hushika vizuri zaidi, na nchi zenye surua kidogo hufanya hivyo, lakini kwetu miezi hiyo mitatu ya kusubiri ingeua watoto. Ndiyo maana Tanzania na Kenya hutoa dozi ya kwanza miezi tisa na ya pili miezi 18. Wapo wanaodhani dozi ya pili ni ya kuongeza nguvu tu, kama kukazia rangi ukutani. Kazi yake kubwa ni kuwapa nafasi nyingine wale 15 ambao ya kwanza haikuwashika.

Tuchukue kata inayozaliwa watoto 200 kwa mwaka. Asilimia 84 wakichanjwa mara moja, ni 168. Wanaopata kinga kati yao ni kama 143. Waliobaki bila kinga ni 57, na mwakani wataongezeka 57 wengine, na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Baada ya miaka minne una watoto 228 wasio na kinga, wengi kuliko wote wanaozaliwa katika mwaka mzima, na wanacheza pamoja, wanakaa madrasa moja na kanisa moja. Surua haihitaji zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo kila miaka michache serikali huendesha kampeni ambapo watoto huchanjwa wote bila kujali kadi inasema nini, kama ile ya Februari 2024 hapa Tanzania iliyohusu watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka mitano. Kampeni hufagia kilichorundikana. Haizuii kurundikana upya, kwa maana hiyo ni kazi ya kliniki ya kila wiki, na tunarudi kwenye kichupa chetu.

Na tusidhani kwamba mtoto akishapona mambo yamekwisha. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua, walikuta surua imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Sisi wauguzi tulikuwa tukiliona hilo bila kulijua jina lake: mtoto anapona surua, halafu miezi inayofuata analetwa na kuhara, analetwa na nimonia, analetwa na masikio, mpaka mama anasema mtoto amerogwa.

#4 Mchangiaji kutoka Kivu

Mama muuguzi, mimi ni mwenzenu wa Kongo. Mwaka 2018 hadi 2020 huku kwetu Kivu Kaskazini na Ituri dunia nzima ilikuja kwa ajili ya Ebola. Magari, mahema, waandishi wa habari, yote yalikuwapo. Ebola hiyo iliua watu 2,287, na hakuna anayedharau vifo hivyo. Lakini ndani ya miezi ileile surua ilikuwa inapita katika mikoa yote ya nchi. Serikali ilitangaza mlipuko wake Juni 2019, ukatangazwa kwisha Agosti 2020, na ilikuwa imeshaua zaidi ya watu 7,000, karibu wote watoto wadogo. Kwa Ebola watu walinawa mikono kila mlango. Kwa surua wazee walisema ni ugonjwa wa watoto, kila mtoto lazima aupitie. Nadhani adui mkubwa wa chanjo hii ni kuzoea.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Kivu, pole sana, na umesema neno ambalo ningetamani kila mratibu wa chanjo alisikie. Hata huku kwetu nimewasikia bibi wakisema kwamba mtoto hahesabiwi mpaka surua ipite. Kauli hiyo ilikuwa na sababu. Kabla chanjo haijapatikana mwaka 1963, inakadiriwa surua ilikuwa ikiua watu milioni 2.6 kila mwaka duniani. Mwaka 2024 iliua takriban 95,000, ambayo ni pungufu kwa asilimia 88 ukilinganisha na 2000. Punguzo hilo halikuja lenyewe. Mwaka 2001 Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Wakfu wa Umoja wa Mataifa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa waliunda ushirikiano wa kupambana na surua, na mwaka 2012 rubela ikaingizwa rasmi katika jina na malengo yake. Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ndiyo imekuwa ikizisaidia nchi zetu kununua chanjo, ambayo kwa bei za UNICEF haifiki dola moja kwa dozi. Bei hiyo naitaja kwa makusudi. Zile dozi saba nilizoogopa kuzimwaga zilikuwa na thamani ndogo kuliko dawa tulizomtibu nazo yule binti kwa wiki moja.

#6 Mchangiaji wa tatu

Mleta uzi, surua naielewa, lakini rubela sijawahi kumsikia mtu akilalamika nayo. Tulipokuwa na kampeni ya 2014 niliwauliza waliokuja shuleni, wakasema ni ugonjwa mwepesi. Kama ni mwepesi, kwa nini tuuchanje? Na kuna maneno kwamba chanjo hiyo iliongezwa ili kuwafanya wasichana wasizae. Naomba ujibu bila kukasirika.

#7 Mleta uzi

Sikasiriki hata kidogo, dada yangu, kwa kuwa swali linaloulizwa hadharani ni bora kuliko linalonong'onwa bombani.

Waliokwambia ni mwepesi hawakukudanganya. Mtoto mwenye rubela hupata vipele, homa ndogo na tezi nyuma ya masikio, na baada ya siku chache anakimbia uwanjani. Anayeumia ni yule ambaye hajazaliwa. Mama mjamzito akiambukizwa katika miezi mitatu ya kwanza, uwezekano wa mimba kuharibika au mtoto kuathirika unaweza kufika asilimia 90. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman McAlister Gregg, alishangaa kuona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, ugonjwa ambao sote tunaujua kuwa ni wa wazee. Alipowahoji akina mama, akagundua kwamba karibu wote waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Ilifahamika pia kwamba watoto hao huzaliwa viziwi na wenye matundu au kasoro nyingine za moyo. Marekani ilipopata mlipuko mkubwa mwaka 1964 na 1965, watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara hayo.

Katika kazi yangu niliwapokea watoto wa namna hiyo na sikujua sababu. Mtoto wa wiki sita analetwa kliniki, mboni zake zina ukungu mweupe, hashtuki unapoangusha sinia la chuma. Mama anaulizwa na wakwe alikula nini, alimkosea nani. Hakuna aliyemuuliza kama alipata vipele vidogo mwezi wa pili wa mimba, kwa sababu hata yeye alishavisahau.

Kuhusu uzazi, tazama historia. Uingereza ilianza mwaka 1970 kuwachanja rubela wasichana wa shule peke yao, wenye umri kati ya miaka 11 na 13. Wasichana wale leo ni akina mama na wengine ni bibi. Kama chanjo hiyo ingekuwa inafunga uzazi, kizazi cha Waingereza kilichofuata kisingezaliwa. Mwaka 1988 Waingereza walianza kuwachanja wavulana na wasichana wote wakiwa wadogo, na baadaye wakaacha mpango ule wa wasichana peke yao, kwa sababu virusi viliendelea kuzunguka kwa wavulana na kuwafikia wajawazito ambao hawakuchanjwa. Ndiyo maana kampeni yetu ya Oktoba 2014 iliwachukua watoto wote hadi chini ya miaka 15, wa kiume kwa wa kike. Rwanda ilitutangulia mwaka 2013, Kenya ikafuata 2016, Uganda 2019.

Kuna jambo moja la rubela ambalo ni gumu kidogo, lakini nadhani linawapa haki wale waliokuwa na tahadhari. Chanjo ikitolewa kwa watoto wachache tu, virusi hupungua kasi bila kutoweka, na msichana ambaye zamani angeugua akiwa na miaka mitano sasa anaweza kuugua akiwa na miaka 22, ana mimba. Ugiriki ilipata mlipuko wa aina hiyo mwaka 1993 baada ya kuchanja nusunusu kwa miaka. Kwa hiyo kwa muda mrefu nchi ilitakiwa kwanza ifikishe asilimia 80 ya chanjo ya surua ndipo iruhusiwe kuingiza rubela. Matokeo yake ni kwamba nchi zenye kliniki dhaifu, ambazo watoto wake walikuwa wakiumia zaidi, ndizo zilizosubirishwa. Mwaka 2024 washauri wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza sharti hilo liondolewe, kwa kuwa kampeni pana ya mwanzoni inaweza kuziba pengo hilo. Mimi naona walichelewa, ingawa naelewa hofu yao.

#8 Mchangiaji kutoka Tanga

Assalaam alaykum. Mama, huku pwani swali letu ni jingine. Tumesikia kwamba chanjo hii ina kitu kinachotokana na nguruwe. Tunaomba jibu la wazi, si la kutuzungusha.

#9 Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Jibu la wazi ni kwamba swali hili liliulizwa na nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote, na likajibiwa na wanazuoni wake. Mwezi Agosti 2018 Baraza la Wanazuoni la Indonesia lilitoa fatwa juu ya chanjo ya surua na rubela inayotengenezwa na Serum Institute of India, ambayo ndiyo inayotumika katika nchi nyingi za kipato cha chini. Walisema kwamba utengenezaji wake unatumia kitu kitokanacho na nguruwe na kwa asili yake ni haramu, lakini kuitumia kunaruhusiwa kwa sababu ya dharura, kwa kuwa hakukuwa na chanjo nyingine iliyo halali na madhara ya kutochanja ni makubwa. Wapo waliosikia nusu ya kwanza ya fatwa na kuacha ya pili, na katika jimbo la Aceh idadi ya waliochanjwa ilianguka vibaya.

Sina elimu ya kutoa fatwa, na nisingependa muuguzi yeyote ajifanye anayo. Ninachojua ni kwamba masheikh waliposhirikishwa mapema, wakaonyeshwa kichupa na kuelezwa yaliyomo, kazi yetu ilikuwa nyepesi, na walipoletewa tangazo tayari la kusoma baada ya swala ya Ijumaa, walilisoma kwa adabu tu.

#10 Mchangiaji wa tano

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo. Mleta uzi anasema wahudumu wafungue vichupa bila kuogopa. Je, haoni kwamba sheria ya saa sita iliwekwa kwa sababu? Mhudumu akiambiwa asijali upotevu, kesho atajaribiwa kutunza kilichobaki mpaka wiki ijayo ili asimwage.

#11 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na naikubali kwa uzito wake wote. Mwaka 2017 katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia kwa siku nne mfululizo, na chanjo ilikaa muda wote huo bila ubaridi. Bakteria waliota ndani yake. Virusi vya chanjo havikuwa na kosa lolote.

Samoa ilipata msiba mwingine. Julai 2018 wauguzi wawili waliichanganya chanjo na dawa ya kulegeza misuli inayotumika katika upasuaji, wakidhani ni maji ya kuchanganyia, na watoto wawili wachanga wakafa ndani ya dakika chache. Wazazi wote wa kisiwani walisikia. Chanjo ilisimamishwa kwa miezi, na hata iliporejeshwa watu hawakuja, mpaka kiwango cha watoto waliochanjwa kikashuka kufikia karibu asilimia 31. Surua iliingia mwaka 2019. Nchi yenye watu wapatao 200,000 tu ikapoteza watu 83, wengi wao chini ya miaka mitano. Tarehe 5 na 6 Desemba serikali ilifunga ofisi na barabara zote, ikawaambia wananchi wakae nyumbani, na kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa itundike kitambaa chekundu mlangoni ili timu za chanjo zijue pa kuingia. Kuna picha za vitambaa hivyo. Kila niziangaliapo nafikiri juu ya meza yangu, vichupa viwili vilivyosimama pamoja, unga na maji, na jinsi mkono uliochoka unavyoweza kukosea.

Kwa hiyo msimamo wangu si kulegeza sheria. Saa sita zikiisha, mwaga. Ninachotaka ni kwamba kumwaga kusiwe kosa la muuguzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika. Basi mgao wa vichupa upangwe kwa kuhesabu kwamba vingine vitamwagwa, na fomu ya mwezi iwe na safu ya watoto waliorudishwa karibu na safu ya dozi zilizopotea, ili mkubwa anayesoma aone zote mbili. Zambia walijaribu vichupa vya dozi tano badala ya kumi: watoto waliochanjwa waliongezeka, na upotevu ukapungua karibu nusu. Kwa hesabu ya kiwandani, dozi moja katika kichupa cha tano ni ghali zaidi. Mtu akihesabu kwa mtoto aliyepata kinga, mambo hubadilika.

Kipo pia kiraka kidogo cha kubandika mkononi, chenye ncha nyembamba zinazobeba chanjo kavu, ambacho hakihitaji sindano wala maji ya kuchanganyia. Kilijaribiwa Gambia, matokeo yakatolewa 2024, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa miezi tisa walipata kinga ya surua kwa kiraka kimoja. Bado hakijafika kwenye kliniki zetu. Kikifika, kila mtoto atakuwa na dozi yake peke yake, na neno "rudi Jumatano" litakosa sababu.

#12 Mchangiaji wa kwanza

Mama, je, kuna nchi yoyote ya Afrika iliyofanikiwa? Ama tunazungumzia ndoto?

#13 Mleta uzi

Zipo, na majirani zetu wa baharini wamo. Mwaka 2025 Shelisheli, Morisi na Cabo Verde zilithibitishwa kuwa za kwanza katika kanda yetu ya Afrika kutokomeza surua na rubela. Kuthibitishwa maana yake ni kwamba kwa angalau miezi 36 hakukuwa na virusi vinavyozunguka ndani ya nchi, na kila mgonjwa aliyeshukiwa alipimwa damu na chanzo chake kikafuatiliwa. Utasema ni visiwa vidogo. Ni kweli, lakini vinapokea watalii kutoka kila pembe ya dunia, na virusi huja na ndege.

Wala mafanikio hayo hayashiki milele. Bara la Amerika lilitangazwa kutokuwa na surua ya kienyeji mwaka 2016, likapoteza hadhi hiyo kwa milipuko ya Venezuela na Brazili, likairudisha 2024, na Novemba 2025 likaipoteza tena kwa sababu ya Kanada. Texas mwaka huohuo ilizika watoto wawili. Huko kichupa hakikosekani hata siku moja. Uvumi wa kuhusisha chanjo na usonji, ulioanzia kwenye makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu na kufutwa na jarida lenyewe 2010, bado unatembea, ingawa Wadenmaki waliwafuatilia watoto 657,461 na hawakuona uhusiano wowote. Naliona hilo kwa uchungu. Mama wa kijijini kwangu alivuka mto mara mbili kuitafuta chanjo hiyohiyo.

#14 Mchangiaji wa sita

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, nina mwaka wa pili kazini, na nipo chumba cha chanjo. Nimesoma uzi wako jana usiku. Leo ilikuwa siku yetu ya kliniki na walikuja watoto wawili wa surua, mmoja wa miezi tisa na mwingine wa miezi 18. Kadi ya yule mkubwa ilikuwa imepotea na mama yake aliogopa kwamba tutamrudisha. Je, nilipaswa kufanyaje kuhusu kadi?

#15 Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Kadi ikipotea, angalia kwanza rejesta ya kituo. Usipomkuta humo, mchanje. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto, na kumrudisha kunaweza kumdhuru. Mwandikie kadi mpya hapohapo na umwambie mama tarehe kwa mdomo pia, kwa sababu si wote wanaosoma. Halafu niambie, kichupa ulikifungua?

#16 Mchangiaji wa sita

Nilikifungua saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikawachanja wote wawili. Nilimtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumba za karibu, akarudi na mtoto wa tatu ambaye mama yake alikuwa sokoni na dozi yake ya pili ilishapita miezi minne. Tulisubiri mpaka saa tisa na dakika kumi alasiri, hakuja mwingine. Kwenye fomu nimeandika dozi tatu zimetumika na saba zimemwagwa, na nimetia sahihi yangu.

#17 Mleta uzi

Mungu akubariki, mwanangu. Mratibu akikuuliza, mwonyeshe majina ya wale watatu.